Mji Si Mawe

Watu wa zama zetu wameshikwa na mapenzi makubwa ya kuzuru miji ya kale. Mwenye nauli huenda Fez kuwaona watengenezaji wa ngozi, huenda Toledo kuwaona wafua panga, huenda Bruges kutembea kando ya mifereji. Na asiye na nauli ya kuvuka bahari hutosheka na Lamu au Mji Mkongwe wa Unguja, naye hutosheka kwa haki. Akirudi nyumbani huulizwa maswali mawili. Je, mji umehifadhika? Na je, mafundi wake wangali kazini? Ikiwa majawabu yote mawili ni ndiyo, mji hupewa daraja ya juu, na gharama ya safari huhesabiwa kuwa si hasara.

Sina ugomvi na mapenzi hayo. Kuzuru ni elimu, na wahenga walituusia tutembee tuone. Ugomvi wangu ni na kipimo. Kipimo hicho hutanguliza swali la mawe, na swali la mafundi huja nyuma kama mkia. Mahali pasipo na ukuta, mnara wala lango hapafikii hata kuulizwa swali la pili. Kwa sababu hiyo nchi yetu imegawanyika machoni petu vipande viwili: pwani yenye miji, na bara yenye vijiji. Nasema mgawanyo huo ni wa uongo, nami nitaleta shahidi mmoja wa kuupinga, naye ni Bweranyange, katika Karagwe.

Nilifika huko nikifuatana na mwanafunzi wa historia, kijana msikivu ambaye alikuwa amekwisha kuona Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, magofu yaliyotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Tuliposimama kilimani alitazama kulia na kushoto, akaona migomba, majani na anga. Akaniuliza kwa adabu, "Mwalimu, mji wenyewe uko wapi?" Mzee mmoja wa Kinyambo aliyekuwa akituongoza ndiye aliyejibu. Aliinama, akaokota kipande cheusi, kizito kuliko ukubwa wake, akakitia mkononi mwa kijana. "Mjukuu wangu, huu hapa," akasema. Kilikuwa kipande cha mavi ya chuma, yaani taka inayobaki jiwe la chuma linapoyeyushwa. Kijana alishukuru, akakizungusha kiganjani, kisha akakiweka chini taratibu. Jioni alinionyesha daftari lake. Chini ya jina la Bweranyange alikuwa ameandika maneno matatu: hakuna cha kuona.

Sikumlaumu. Aliandika yale tuliyomfundisha sisi walimu wake. Insha hii ni kazi ya kulisahihisha daftari lile, na kabla ya hapo, ya kuisahihisha nafsi yangu, kwa maana hata mimi nilipita miaka mingi nikifundisha habari za miji ya Waafrika pasipo kulitaja jina la Bweranyange mara moja.

Tuanze na yale yasiyo na shaka. Bweranyange ilikuwa makao ya wafalme wa Karagwe wa ukoo wa Bahinda, ambao huhesabu nasaba yao tangu Ruhinda. Mwanahistoria Israel Katoke, katika kitabu chake juu ya ufalme huo kilichotoka Nairobi mwaka 1975, aliianza habari yake mnamo mwaka 1400. Mwezi wa Novemba 1861 John Hanning Speke na James Augustus Grant walifika kwa Mukama Rumanyika, wakapokewa kwa heshima. Speke aliondoka Januari 1862 kwenda Buganda. Grant, aliyekuwa na mguu mbovu, alibaki nyuma miezi kadhaa katika ulinzi wa mwenyeji wake. Mwaka 1876 alifika Henry Morton Stanley. Si mbali na makao hayo ilikuwako Kafuro, kituo cha wafanyabiashara waliopanda kutoka pwani kwa njia ya Tabora. Basi Kiswahili kilikwisha kusikika katika milima ya Karagwe kabla ya mkoloni kupandisha bendera yake hapo, na lugha ninayoandikia sasa si mgeni wa mahali ninapopatetea.

Mahali palipokuwa na mfalme na baraza lake, wahunzi wake, wajumbe wa nchi jirani, na bidhaa za bahari zilizobebwa kichwani miezi na miezi. Ikiwa hapo hapakuwa mji, basi neno hili mji lina maana gani? Kiswahili chenyewe hakikulifunga kwa chokaa. Twasema mji wa mimba, mahali mtoto anapoumbwa, wala hajatokea mtu wa kudai kuwa tumbo la mama lijengwe kwa matumbawe. Wahaya na Wanyambo huyaita makao ya mfalme kikale. Sikio la Mswahili likilipata neno hilo hudhani limesikia habari ya kitu cha zamani kilichochakaa. Kosa hilo la sikio ni mfano wa kosa letu lote: tukiambiwa habari za utawala, tunasikia habari za uchakavu.

Hapa atainuka mpinzani wangu wa kwanza, naye ni mtu wa tarehe. Atasema kuwa Bweranyange aliyoiona Speke ni ya karne ya 19, na mji wa zama za kati lazima uonyeshe kazi ya zama za kati. Ni kweli kwamba katika falme za Maziwa Makuu makao ya mfalme yaliweza kuhama, na nyumba ya majani haikai karne tano. Lakini mpinzani na avuke mpaka kidogo aingie Uganda, akatazame Ntusi, palipokuwa na watu wengi na ng'ombe wengi tangu karne ya 11, na Bigo, ambako handaki zilizochimbwa kwa mikono zina urefu wa zaidi ya kilometa 10. Watu wa nchi hizi walijua kujikusanya, kutawalana na kugawana kazi wakati ule ule Kilwa ilipokuwa ikisitawi. Walichojenga kwa udongo, miti na majani kilifuata hali ya nchi na desturi ya watu. Kumdai mtu wa Karagwe jumba la matumbawe ni sawa na kumdai mvuvi wa Lamu aonyeshe zizi la ng'ombe.

Mpinzani wa pili ni mtu wa kudumu. Yeye husema kwamba jiwe hukaa na majani huoza, kwa hiyo mji wa mawe umehifadhika na mji wa majani umepotea. Hoja hii ina nguvu ya nje tu. Mwulize mji wa Carcassonne katika Ufaransa, unaosifiwa kuwa mfano mkamilifu wa ngome ya zama za kati. Kuta zake zilikuwa zikibomoka mpaka Viollet-le-Duc alipoanza kuzitengeneza upya mwaka 1853, na hata leo wako wanaomlaumu kwa mapaa aliyoyavika minara. Mwulize Warszawa, ambao mji wake wa kale ulifanywa kifusi katika Vita Kuu ya Pili, ukajengwa tena, na mwaka 1980 ukatiwa katika Urithi wa Dunia. Hatuiti miji hiyo ya uongo. Twasema watu wake waliijua, wakairudisha. Au njoo nyumbani: Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883 katika enzi ya Sultani Barghash, ni ya mawe na chokaa na nguzo za chuma, na bado siku ya tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka ikaua watu. Jiwe lisilo na fundi huanguka.

Sasa yatazame majani. Makaburi ya wafalme wa Buganda huko Kasubi, yenye jumba kuu la majani lililojengwa mwaka 1882 na Kabaka Mutesa wa Kwanza, yalitiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, yakaungua usiku mmoja wa Machi 2010. Kwa hesabu ya mpinzani wangu, huo ungekuwa mwisho. Lakini ilikuwako jamaa iliyorithi kazi ya kuezeka, walikuwako watu waliojua ni majani gani, yafungwe namna gani, na kwa miiko ipi. Na jumba likasimama tena, hata mwaka 2023 likatolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Huko Ise katika Ujapani mahekalu ya mbao hujengwa upya kila baada ya miaka 20, na mara ya karibuni ilikuwa mwaka 2013. Wajapani huyaita ya kale, wala hakuna anayewacheka. Kwa hiyo kinachohifadhi mji, uwe wa mawe au wa majani, ni kitu kimoja: mkono ujuao. Maadamu mkono upo, mji umehifadhika hata kama haujasimama. Mkono ukitoweka, mji umekufa hata kama kuta zake zinapakwa chokaa kila mwaka.

Ndipo tunapofika kwenye kiini cha habari ya Bweranyange, nacho ni chuma. Wageni walioiandika Karagwe walitazama mengi, lakini tuangalie walichokichagua. Speke aliomba kumpima kwa utepe mwanamke mnene wa jamaa ya mfalme, mkono na kifua na paja, akazichapa namba zake katika kitabu kilichotoka mwaka 1863. Kwa vizazi vingi msomaji wa Ulaya aliyesikia jina la Karagwe aliwakumbuka wanawake wanene. Hizi ndizo habari tulizorithi za mji wetu: vipimo vya mwili wa mtu aliyefanywa kioja katika nyumba yake mwenyewe, na mgeni aliyelishwa humo.

Lakini Stanley aliingizwa katika nyumba ya hazina ya Rumanyika, akaona mabata ya shaba ya manjano yenye mbawa za shaba nyekundu, ng'ombe wa shaba wasio na vichwa, na silaha za chuma, mikuki na mapanga, ambazo hata yeye, mtu asiye mwepesi wa kumsifu Mwafrika, alikiri ubora wake. Ng'ombe wa chuma waliofuliwa Karagwe, wenye pembe ndefu zilizopindwa kwa ustadi, leo wanaonekana katika Linden-Museum huko Stuttgart. Mwaka 1995 Andrew Reid na Rachel MacLean walichapa katika jarida la World Archaeology uchunguzi wao juu ya kazi ya chuma katika Karagwe na maana zake katika maisha ya watu. Mfalme wa nchi hii alijinasibu na nyundo na fuawe kama alivyojinasibu na ng'ombe na ngoma. Kwa hiyo kile kipande cheusi alichookota mzee, na mwanafunzi wangu akakirudisha chini, kilikuwa hati ya utawala.

Na ustadi wenyewe ulikuwa wa namna gani? Kwa jirani zao Wahaya, mwaka 1976, Peter Schmidt aliwaomba wazee waliokuwa vijana enzi za matanuri wayeyushe chuma tena, baada ya nusu karne ya kutoifanya kazi hiyo. Walijenga tanuri kwa udongo wa kichuguu, wakajaza shimo lake majani ya kinamasi yaliyochomwa, wakaingiza mirija ya udongo hadi ndani, wakavukuta. Hawakufaulu mara moja. Walijaribu, wakabishana, wakakumbuka, wakajaribu tena, hata chuma kikapatikana. Mwaka 1978 Schmidt na Donald Avery walieleza habari hiyo katika jarida la Science, pamoja na mabaki ya matanuri ya kale ya Buhaya yaliyokadiriwa kuwa na umri wa miaka 1,500 hadi 2,000. Wataalamu wa ng'ambo walibishana sana juu ya joto la matanuri hayo na jinsi hewa ilivyopashwa moto. Na mabishano hayo ni heshima, maana hakuna anayebishana juu ya upuuzi. Lakini jambo linalonigusa ni jingine. Maktaba ya elimu hiyo ilikuwa vichwa vya wazee wachache. Kama mwulizaji angalichelewa miaka 20, angalikuta makaburi.

Mpinzani wa tatu ndiye mgumu kuliko wote, kwa kuwa ana ukweli mkononi. Atasema: "Umekwisha kujishinda mwenyewe. Kazi ya kuyeyusha chuma imekoma. Jembe la dukani liliiua zamani. Ufundi ulio hai uko wapi?" Nakubali kwamba tanuri limezimika. Lakini kuyeyusha ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kufua, na mhunzi wa leo bado anafua. Huchukua springi ya gari lililokufa akaifanya panga, kisu au shoka la kukatia miti. Wataalamu wetu humwita mtu huyu fundi wa mtaani, kana kwamba mtaa ni tusi, ilhali anafanya lile lile wafanyalo wafua panga wa Toledo, tofauti ikiwa kwamba wateja wake ni wakulima. Pamoja naye wako wasusi wa vikapu na mikeka, wachonga mitumba ya kukamulia pombe ya ndizi na vyombo vya maziwa, na wale wachache wakumbukao kuijenga nyumba ya msonge. Kupiga nguo ya magome ya mti, kazi ambayo kwa jirani zetu wa Uganda ilitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa tunu ya wanadamu wote, haikuzuiliwa na mpaka uliochorwa na Wazungu.

Tena niseme neno ambalo wapenzi wa utalii hawatalipenda. Ufundi ulio hai ni ule unaonunuliwa na jirani kabla ya mgeni. Mhunzi anayefua kwa ajili ya kupigwa picha, akazima moto basi la wageni likiondoka, amekwisha kuwa mchezaji wa ngoma ya uhunzi. Miji mingi inayosifiwa kwa mafundi wake imefika hapo: mafundi wapo, ila hakuna mwenyeji atumiaye kazi yao. Kwa kipimo hiki, mhunzi wa Karagwe anayeuza shoka kwa mkulima wa Kyerwa yu hai zaidi ya mafundi wengi wa miji iliyosifika. Hatari yake ni umaskini na dharau, na mtoto wake anayeambiwa shuleni kwamba kazi ya baba yake si elimu.

Na sisi tuliosoma tumemfanyia nini? Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, hutazama vitu na majengo yaliyofanywa kabla ya mwaka 1863, na hulinda milango ya mbao iliyochongwa kabla ya mwaka 1940. Ni sheria njema kwa mlango. Lakini hulinda mlango uliokwisha kuchongwa, haimlindi mchonga mlango. Mwaka 2011 Tanzania iliridhia mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 juu ya urithi usioshikika, unaotaja ufundi kwa jina. Basi ahadi ipo, na ahadi ni deni. Mwaka 2019 jina la Rumanyika lilipewa hifadhi ya taifa, Rumanyika-Karagwe. Sioni ubaya wanyama kulindwa. Nauliza tu: ikiwa mnyama anayelisha katika jina la Rumanyika ana askari wa kumlinda, mhunzi aliyeipa enzi ya Rumanyika heshima yake ana nani?

Sitaki kumaliza kwa malalamiko matupu, kwa hiyo nitataja mambo matatu ambayo chuo chochote chaweza kuyafanya pasipo kungoja fedha za wafadhili. La kwanza, mwanafunzi wa historia anayepelekwa Kilwa kutazama magofu apelekwe pia Karagwe, akae na mhunzi juma zima, avukute, aungue vidole, aandike. La pili, maneno ya kazi yakusanywe. Kiswahili kina fuawe, koleo, mivukuto na mavi ya chuma. Kinyambo na Kihaya zina maneno mengine mengi ambayo Kiswahili hakina, na kamusi yetu itatajirika kwa kuyapokea, kuliko kuazima kila neno la ufundi kutoka ng'ambo. La tatu, kazi zilizoko Stuttgart na kwingineko zidaiwe. Na hata kabla ya kurudi, mafundi wa Karagwe wapelekwe wakaziangalie kwa macho ya fundi, maana kioo cha makumbusho kimewaonyesha ng'ombe wale watazamaji wengi, lakini mhunzi akimtazama ng'ombe yule ataona nyundo ilipogonga.

Nitaulizwa: je, tujenge upya kikale cha Rumanyika ili wageni wapate cha kuona? Sikatai, Kasubi imeonyesha kuwa yawezekana. Ila nasema tuanze na waezekaji na wahunzi, kwa sababu nyumba iliyojengwa na mkandarasi asiyejua miiko yake itakuwa kibanda cha maonyesho, na itakapovuja hapatakuwa na wa kuiziba.

Yule mwanafunzi alinijia wiki kadhaa baada ya safari yetu. Hakuwa amebadili mawazo yote, wala mimi sikumtaka anikubali kwa sababu ya mvi zangu. Aliniuliza swali moja: kama mji wa Bweranyange umo mikononi mwa watu, na watu wenyewe ni wazee, umebakiwa na muda gani? Nilimwambia sijui, lakini kwamba hilo ndilo swali la kwanza la maana aliloliuliza tangu tulipoanza safari, na kwamba daftari lake bado lina kurasa tupu. Alisema atarudi Karagwe likizo ikifika, atamtafuta yule mzee, na ataomba aonyeshwe tena kile kipande cheusi. Nakuombea, ndugu msomaji, nawe uende, na umkute mzee hai.